Miaka Saba Huhesabiwa Kutoka Kwenye Cheti

Kenya ina Lunga Lunga mbili. Moja iko Kwale, mpakani. Ukivuka unaingia Horohoro na barabara ya Tanga. Ya pili ni barabara ya hapa Industrial Area, Nairobi, ile inayopita kati ya kuta za viwanda na mabati ya Sinai na Viwandani. Wako wanawake, na wanaume pia, waliogongewa pasipoti kwenye Lunga Lunga ya kwanza wakaja kuanza unyumba karibu na ya pili. Watoto sasa wako shuleni, na muhuri ule wa mpakani ndio karatasi pekee ya Kenya ambayo mama yao au baba yao anayo. Mwongozo huu nimewaandikia hao.

Si Watanzania peke yao. Barabara zetu zina majina ya miji ya watu: Dar es Salaam Road, Kampala Road, Lusaka Road, Addis Ababa Road. Mganda aliyeolewa Makadara hupita chini ya kibao cha Kampala kila alfajiri akienda kusimama langoni na vibarua wengine, jina la mji wa kwao likiwa juu ya mlingoti na lake mwenyewe halimo katika rejista yoyote ya Kenya. Mhabeshi, Mkongo, Mrundi, kila mmoja ana mlingoti wake au wa jirani yake.

Basi tuanze na haki yenyewe. Ibara ya 15 ya Katiba ya 2010 inasema mtu aliyekuwa katika ndoa na raia wa Kenya kwa miaka isiyopungua saba ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba. Lishike hilo neno “haki”. Ibara hiyo hiyo inamtaja pia mgeni aliyeishi nchini kihalali miaka saba mfululizo, lakini huyo anaambiwa tu kwamba anaweza kuomba, tena akiwa ametimiza masharti mengine, likiwemo la kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha nyingine ya hapa. (Mtu wa Tanga kuulizwa kama anajua Kiswahili! Lakini ndiyo sheria.) Wewe uliye katika ndoa mlango wako ni mpana zaidi, na Katiba haisemi kwamba miaka yako saba lazima iwe ya kuishi Kenya. Inahesabu ndoa.

Na ni haki ya mume na mke. Katiba ya zamani ilimpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya nafasi ya kusajiliwa, lakini mwanamume wa kigeni aliyeoa Mkenya hakuwa na njia hiyo. Alibaki mgeni ndani ya nyumba ya mkewe. Hilo liliisha tarehe 27 Agosti 2010. Bado nakutana na wanaume wa Kampala na Bukavu wanaoamini kwamba uraia wa ndoa ni wa akina mama. Ndugu yangu, ni wako pia.

Masharti mengine yamo katika Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 11. Ndoa iwe imefungwa kwa mfumo unaotambuliwa Kenya, hata kama mlifungia nje. Usiwe umewahi kutangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku wala kuondolewa nchini. Usiwe umehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Ndoa isiwe ya kutafutia karatasi. Na siku unayoomba muwe bado mnaishi pamoja. Masharti ni hayo, na kwa macho ni mepesi. Uzito wake huja unapotakiwa kuyathibitisha.

Saa inaanza lini

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Miaka saba haianzi siku mliyokutana kwenye matatu, wala siku uliyohamisha sanduku lako ukaingia chumbani kwake. Huanza siku ya ndoa, na kwa karani siku ya ndoa ni ile anayoiona imeandikwa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ndoa ya njoo tukae haimo. Unaweza kuwa umempikia miaka kumi na mitatu, umemzalia wanne, umemzika mama mkwe, na ukifika kwenye dirisha la maombi ukawa huna hata siku moja ya kuhesabiwa.

Utasikia mtu akisema mahakama hutambua watu walioishi pamoja muda mrefu kuwa mke na mume. Ni kweli zinaweza kudhania ndoa, hasa kwenye ugomvi wa mali. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba dhana hiyo itumike kwa nadra, kama jambo la kipekee. Usijenge uraia wako juu ya kesi ambayo bado hujaishinda.

Kwa hiyo kama mko njoo tukae, kazi ya wiki hii ni moja: ndoa. Iliyo nyepesi kwa watu wa mtaani ni ya kiserikali, mbele ya Msajili wa Ndoa. Maombi hufanywa kwa eCitizen, tangazo linakaa siku 21, kisha mnafungishwa. Mgeni anatakiwa alete kutoka kwao cheti kinachoonyesha kwamba hana pingamizi la kuoa au kuolewa. Kama aliwahi kuachana na mtu, alete hati ya talaka. Cheti hicho cha kwao ndicho huchelewesha, basi kiagize mapema, hata kabla hamjapanga tarehe.

Waliotoa mahari na kumaliza mila za kwao wasidhani wameachwa nje. Tangu Agosti 2017 ndoa za kimila zinasajiliwa, na sheria inawataka wanandoa wamjulishe Msajili ndani ya miezi mitatu baada ya hatua za mila kukamilika. Mnapojaza fomu, angalieni kwamba tarehe ya ndoa yenyewe imeandikwa sawasawa, isichanganywe na tarehe mliyokwenda kusajili. Kama mahari yalipokelewa 2019 nanyi mnasajili leo, hiyo ni miaka ambayo hutaki ipotee kwa sababu ya kisanduku kimoja kwenye fomu.

Waislamu, kile kikaratasi cha msikitini chenye majina ya mashahidi ni kizuri, lakini hakikisha ndoa imefika kwa Msajili na mnacho cheti rasmi chenye nambari. Na kama mlioana Tanzania mkapewa cheti kilichosajiliwa na RITA, hicho ni cheti cha ndoa. Msishawishiwe kufunga nyingine Nairobi “ili iwe ya Kenya”. Mtajikuta na tarehe mbili za ndoa moja, na karani ataanza kuuliza ya kweli ni ipi.

Miaka ya katikati

Kuna maneno yaliyowapotosha watu wengi wa Afrika Mashariki. Tarehe 28 Novemba 2017, akiapishwa kwa muhula wa pili pale Kasarani, Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba mwananchi wa Afrika Mashariki atahitaji kitambulisho tu kuishi Kenya, kufanya biashara, kumiliki mali, hata kuoa na kutulia akipata anayemkubali. Yalikuwa maneno mazuri. Lakini hotuba haifuti sheria, na Sheria ya 2011 ilibaki palepale. Raia wa Jumuiya anapewa kibali cha kukaa hadi miezi sita bila malipo. Baada ya hapo anatakiwa awe na hadhi nyingine.

Wengi huenda Namanga kila baada ya miezi sita, wanatoka na kuingia, wanagongewa upya. Nakuelewa, nauli ya Namanga ni ndogo kuliko ada ya kibali. Ila unabaki mtalii katika nyumba yako mwenyewe, na mwezi ule utakapougua au mtoto akawa hospitalini usiende, umepitisha muda. Kukaa nchini kinyume cha sheria kuna faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Tena kinachouma zaidi ya faini ni amri ya kuondolewa nchini inayoweza kufuata. Rudi kwenye masharti niliyotaja: aliyeondolewa nchini ameharibu ombi lake. Kwa hiyo ukikamatwa kwenye msako usikimbilie kukubali kosa ili uachiliwe jioni uende nyumbani. Tafuta wakili kwanza. Kituo cha Sheria hutoa msaada wa sheria kwa wasiojiweza, na FIDA Kenya hushughulika na wanawake.

Njia iliyonyooka ni pasi ya mtegemezi, ambayo Mkenya anamwombea mwenzake kupitia mfumo wa serikali wa huduma kwa wageni, ule unaoingiwa kwa akaunti ya eCitizen. Na mgeni yeyote atakayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa ajisajili apewe kitambulisho cha mgeni. Hicho usikidharau. Ndicho kitakachokuwezesha kusajili laini ya simu kwa jina lako, na utaona hapa chini kwa nini hilo ni jambo kubwa.

Pasi ya mtegemezi ina kasoro moja ambayo mtaa wetu unaihisi kuliko mtaa mwingine wowote: haikuruhusu kufanya kazi. Industrial Area ni mahali pa kazi. King'ora cha saa saba kikilia, malango yanafunguka, sare za buluu na kijani zinamwagika barabarani, na pale ukutani kuna mama mwenye sufuria tatu na kreti ya soda anapakua chapati na maharagwe kwa kasi ambayo hata mashine za ndani haziifikii. Mama huyo akiwa Mtanzania mwenye pasi ya mtegemezi, kisheria anategemea tu. Kazi ya kuajiriwa au biashara inataka kibali chake, mbali na leseni ya kaunti. Najua watu wanafanya. Siandiki hapa ili kukuhukumu, nataka ujue hatari unayoibeba pamoja na sufuria.

Dawa ya kasoro hiyo wengi hawaijui, nayo ni ukaaji wa kudumu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya 2011 kinamruhusu mwenzi wa Mkenya kuuomba baada ya miaka mitatu tu ya ndoa. Akipewa, anaweza kuishi na kufanya kazi bila kuhesabu miezi. Kwa maoni yangu, mtu anayeruka hatua hii akisema “nitangoja tu saba zifike” anajitesa miaka minne bila sababu. Isitoshe, faili lako litakuwa limekwisha kukaguliwa mara moja, na karatasi zilizopokewa mwaka wa tatu hazianzi kutafutwa upya mwaka wa saba.

Bahasha ya kaki

Sasa tuje kwenye kuthibitisha kwamba mnaishi pamoja.

Mpangaji wa Kilimani ana mkataba wa nyumba wenye majina mawili, bili ya maji na barua ya benki. Wewe uko kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, bafu moja, stima ya kuunganishiwa. Kodi unampa msimamizi mkononi tarehe tano. Anaandika kwenye daftari lenye jalada jekundu lililopinda ncha, kwa kalamu inayokatakata: “Mama Saidi, namba 9, amelipa.” Ushahidi wa ndoa yako wa miaka saba umo ndani ya daftari hilo, na hata jina lako halimo.

Anza hapo. Kodi ilipwe kwa M-Pesa, mwezi huu kutoka laini yako, mwezi ujao kutoka laini ya mwenzako, kwa nambari ile ile ya msimamizi. Taarifa ya M-Pesa ya miaka kadhaa, yenye majina kamili na tarehe, inasema mengi: kodi kila mwezi, karo ya shule ile ile, pesa anazokutumia asubuhi ununue unga. Mimi naiamini kuliko barua ya chifu. Barua ya chifu huandikwa siku moja, taarifa ya M-Pesa imejiandika yenyewe siku kwa siku bila kujua itatumika wapi.

Hata hivyo barua ya chifu ichukue, maana itaulizwa. Iwe na muhuri, tarehe, majina yenu wote wawili kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, nambari ya kitambulisho chake na ya pasipoti yako, na mwaka mlioanza kuishi katika eneo hilo. Ichukue mpya kila mnapohama. Katika mtaa huu watu hawahami kwa kupenda. Mukuru kwa Njenga ilibomolewa mwishoni mwa 2021 kupisha barabara, maelfu wakalala nje, na mzee wa mtaa aliyekujua wewe na mumeo kwa miaka minane leo yuko kwingine kabisa.

Ongeza kitabu cha kliniki cha mtoto, ambacho mara nyingi kina jina la baba, jina la mama na mtaa. Ongeza usajili wa SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwenzako akuandikishe kama mke au mume. Ongeza barua ya kanisa au msikiti, na picha chache za miaka tofauti. Picha za arusi peke yake hazitoshi. Ile uliyopiga kwa mama mkwe Krismasi, umeshika kuku, inafaa zaidi.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinabeba uzito mkubwa. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni Mkenya ni raia wa kuzaliwa, popote alipozaliwa, hana haja ya kungoja miaka saba yako. Hakikisha tu jina la mzazi huyo Mkenya limo kwenye cheti. Nimeona vyeti vyenye mstari mtupu pale pa baba kwa sababu siku ya kuandikisha baba alikuwa zamu ya usiku.

Tarehe 12 Septemba 2011, wiki mbili tu baada ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji kuanza kutumika, petroli iliyovuja kutoka bomba la mafuta iliwaka hapo Sinai na watu zaidi ya mia moja wakafa. Sikumbushi msiba huo kwa sababu ya karatasi. Lakini aliyenusurika bila cheti hata kimoja anajua ninachosema, na moto mdogo mdogo wa mabati haujawahi kuisha huku kwetu. Bahasha ya kaki chini ya godoro haitoshi. Piga picha kila karatasi, jitumie kwa barua pepe, na nakala zilizothibitishwa mpelekee dada mtu au rafiki anayeishi nyumba ya mawe. Cheti kikiungua, ripoti polisi upate abstrakti siku hiyo hiyo, kisha omba nakala kwa Msajili. Kwa Msajili hakijaungua.

Jina

Hili ni fupi lakini linarudisha watu nyumbani. Pasipoti inasema Mwanaidi, cheti cha ndoa kinasema Mwana Idi, cheti cha mtoto kinasema Mwanahidi kwa sababu muuguzi alisikia hivyo. Wakongo wana majina matatu ambayo kila ofisi huyapanga kivyake. Rekebisha mapema, mwaka wa pili, wa tatu, usingoje wa saba. Tofauti ndogo ya herufi huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Karatasi za Kifaransa au Kiamhari zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika aweke muhuri wake.

Na mwenzako Mkenya, je, kitambulisho chake kinasomeka? Cheti chake cha kuzaliwa kipo? Ombi lako limeegemea uraia wake. Kuna wazaliwa wa Eastlands waliofika miaka arobaini bila cheti cha kuzaliwa, na ni siku ya ombi la mke ndipo hilo hugunduliwa.

Siku ya kuomba

Miaka saba ikitimia, cheti cha tabia njema ndicho cha kwanza, kwa sababu kina muda wake. Omba kwa eCitizen, ulipe, uchapishe fomu ya C24, kisha upeleke vidole vyako. Si lazima uende makao makuu ya DCI barabara ya Kiambu. Huduma Centre ya Makadara iko karibu, unaweza kwenda kwa miguu kutoka Maringo au Mbotela. Kama mikono yako ni ya kazi ya saruji au ya kemikali za kiwandani, ipumzishe siku chache na uipake mafuta, maana alama za vidole zilizolika hukataliwa na utarudishwa.

Kisha fomu ya ombi lenyewe, picha za pasipoti, nakala na asili za cheti cha ndoa, pasipoti yako, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha mwenzako, vyeti vya watoto, na kila kibali ulichowahi kupewa, cha zamani na cha sasa. Pasipoti iliyokwisha muda usiitupe, ndiyo yenye mihuri ya miaka ya mwanzo. Jaza mwenyewe. Vijana wa saiba ni hodari wa mitambo, lakini wanajaza kumi kwa saa na hawakujui. Ukiona amekuandikia tarehe ya ndoa isiyo yako, hiyo sasa ni taarifa ya uongo uliyoitia sahihi wewe.

Malipo ni ya eCitizen tu, nambari ya malipo 222222. Ada za uhamiaji zilitangazwa upya kwenye gazeti rasmi la Serikali Novemba 2023, zikapelekwa kortini, basi kiasi alicholipa shemeji yako mwaka ule hakikusaidii. Soma kilicho kwenye mfumo siku unayolipa. Na nje ya Nyayo House, pale pembeni mwa Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, atakusogelea mtu aliyevaa vizuri akikuita “dada” na kukuambia ana mtu ndani. Mwache aendelee kuvaa vizuri.

Mnaweza kuitwa wote wawili mhojiwe. Nendeni pamoja, na usiku wa kuamkia siku hiyo msikariri majibu. Wanandoa waliokariri hujibu kwa maneno yale yale, na hilo lenyewe linatia shaka. Afisa akiuliza mlivyokutana, mmoja akasema ilikuwa Muthurwa na mwingine akasema hapana, ilikuwa ndani ya matatu kabla ya Muthurwa, mkaanza kubishana mbele yake, hiyo ndiyo ndoa. Yeye atajua. Msichopaswa kutofautiana ni tarehe za vyeti, idadi ya watoto na mahali mnapolala.

Halafu mtangoja. Faili linapitia uchunguzi wa usalama, na sahihi ni ya Waziri. Weka nambari ya ombi lako, fuatilia kwa maandishi, na pasi yako au ukaaji wako wa kudumu usiuache ufe kwa sababu “uraia uko njiani”. Mpaka ule kiapo cha utiifu na kupewa cheti, wewe bado ni mgeni.

Kabla hujatia sahihi, uliza kwenu. Kenya haina shida na uraia wa nchi mbili, ingawa inakutaka uutangaze ndani ya miezi mitatu. Tanzania haikubali. Katiba ya Kongo inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Ethiopia nayo hairuhusu. Uganda imeruhusu tangu 2009, kwa kuomba. Kama una shamba la urithi Muheza na kaka zako wanalitazama, kaa chini ufikirie, kwa maana unaweza kuipata Kenya ukawa mgeni Muheza. Wako waliopiga hesabu hiyo wakaamua ukaaji wa kudumu unawatosha, na sioni kosa lao. Upande wa pili wa hesabu ni huu: asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi hapa isipokuwa kwa kukodisha, muda usiozidi miaka 99. Ile ploti ya Kamulu mnayoichangia kwenye chama haiwezi kuandikwa jina lako kama ya Mkenya.

Yasiyosemwa

Kuna mume anayeficha karatasi. Cheti cha ndoa kiko kwa mama yake Siaya au Kitui, pasipoti yako iko kwenye kabati lenye kufuli, na kila mkigombana anakukumbusha kwamba simu moja tu na utarudishwa kwenu. Wako na wake wa namna hiyo pia. Pasipoti yako ni yako, hakuna mwenye haki ya kukuzuilia. Nakala ya cheti cha ndoa unaweza kuichukua mwenyewe kwa Msajili, jina lako limo. Na kukutisha, kukupiga au kukunyima riziki kunaangukia Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015, ambayo haiulizi uraia wa aliyepigwa.

Aliyefiwa kabla ya miaka saba kutimia asifungashe. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji kinamlinda mjane, mwanamke au mwanamume, mradi hajaingia ndoa nyingine. Ndugu za marehemu watakaokuambia “sasa huna lako hapa” hawajakisoma.

Talaka kabla ya miaka saba huifunga njia hii, hapo sina la kukufariji. Lakini ukishasajiliwa, Ibara ya 13 ya Katiba inasema uraia haupotei kwa kuoa, kuolewa wala kuachana. Utaupoteza kwa mambo mengine: ikigundulika uliupata kwa udanganyifu, au ndani ya miaka mitano ya mwanzo ukahukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, au wakati wowote ukatiwa hatiani kwa uhaini au kosa zito linaloweza kuadhibiwa kwa miaka saba au zaidi. Mume akikuacha mwezi baada ya kiapo, wewe ni Mkenya aliyeachwa.

Ukiwa na cheti cha usajili mkononi, kitambulisho huombwa kama wanavyoomba wengine wote, na cha mgeni kinarudishwa. Kura utapiga. Urais hutagombea, huo ni wa waliozaliwa raia.

Kama hamjafunga ndoa, ofisi ya Msajili iko Sheria House, Harambee Avenue, na siku 21 za tangazo zinaanza kuhesabiwa mkishaomba.